Zamu ya Paa

Mtu wa makavazi alisema angefika saa nne asubuhi kuzichukua karatasi zikahifadhiwe. Saa tatu unusu Bláthnaid alikuwa bado amepiga magoti mbele ya maboksi ya marehemu mama yake, anapekua. Alikuwa akitafuta daftari moja tu, alitie motoni kabla kengele haijalia. Hayo mengine wayachukue: barua za wizara za kukataa kuitambua shule ya Kiayalandi, vitisho vya kuwashtaki wazazi, picha za wazazi haohao wakijijengea darasa kila Jumamosi. Leo Belfast nzima inajidai ilikuwa upande wao!

Alikuwa na miaka minane wanajeshi wa Uingereza walipoivamia nyumba. Mama alizuiwa jikoni. Askari mmoja kijana aliliokota daftari la zamu za ujenzi, akaligeuzageuza, likamshinda, maana lilikuwa la Kiayalandi tupu. Akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Usiniambie wewe unaweza kusoma haya madude."

Mtoto aliyezoea kuambiwa lugha yake haifai kitu, kichwa kilimvimba. Akasoma ukurasa mzima kwa sauti, akamfasiria kila neno. Jumamosi, zamu ya paa: Proinsias Gribben.

Jumamosi wanajeshi walimshusha Proinsias, waliyekuwa wakimsaka, kutoka juu ya paa, nyundo mkononi. Alifungwa miaka miwili bila kesi, akarudi na mapafu mabovu, na umri wa miaka arobaini hakuufikisha. Bláthnaid hakumwambia mtu, hata mama yake.

Daftari lilikuwa chini kabisa, katika boksi la tano. Ndani ya jalada palikuwa na barua ya kamati ya shule. Ilisema kwamba kwa kuwa Bibi Máire, yaani mama yake, amekiri mwenyewe kuwasomea wanajeshi orodha ya zamu, anaondolewa kwenye kamati, na mwanawe ataendelea na masomo kama alivyoomba.

Kumbe mama alisikia kila kitu kule jikoni.

Mlango wa nyuma ukagongwa na kufunguliwa papo hapo. Aliingia Philomena, mjane wa Proinsias, jirani ambaye hakuwahi kukanyaga humo tangu mwaka ule.

"Usiniwekee chai, sikai," alisema. "Nasikia karatasi zinaondoka leo."

"Ndiyo, Bi Philomena."

"Mama yako Mungu amrehemu, sina ugomvi na maiti. Lakini kuna barua ya kamati. Nataka kuiona ikiingia kwenye boksi kwa macho yangu. Wasije wakamfanya mtakatifu." Akaitazama karatasi mkononi mwa Bláthnaid. "Si ndiyo hiyo?"

Bláthnaid aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Neno moja tu, ndiyo, na hakuna atakayejua kamwe. Mama alikwisha kuubeba mzigo wote, na barua ilikuwa na mihuri yake.

"Ndiyo hiyo. Lakini ni uongo."

"Binti, usinichezee."

"Mama alikuwa jikoni, mtutu kifuani. Niliyesoma ni mimi." Akaiweka barua mezani. "Yule askari alisema siwezi. Nikataka kumwonyesha. Nilisoma jina la mumeo vizuri kabisa, Bi Philomena, bila kukosea hata mahali pamoja."

Philomena alishika ukingo wa meza, akaketi.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

Bláthnaid alisubiri tusi, au kofi, vyote alivistahili.

"Kila Jumapili mama yako alinisalimia kanisani," Philomena alisema hatimaye. "Miaka arobaini na kitu. Nami kila Jumapili nilimpa kisogo. Hata mazishini sikwenda."

Kengele ya mlango wa mbele ililia. Ikalia tena, na hakuna aliyeinuka kufungua.