Rangi ya Njano kwenye Nati

Kwa saa nzima baba mkwe na mkwewe walikuwa wamelala chali chini ya gari moja, viatu vyao vinne vimejipanga upande mmoja, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Walichotaka kuambiana walimtuma binti, ambaye alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua mbili tu kutoka kwenye nyayo zao.

"Mama," ilisema sauti ya mzee kutoka chini ya injini. Alimwita binti hivyo tangu alipozaliwa, kwa kuwa alikuwa na jina la bibi yake, mama wa mzee. "Mwambie mumeo aondoe kiwiko chake mbavuni mwangu."

"Amekusikia, baba."

"Sikusema naye. Nimesema na wewe."

"Mwambie baba yako," ikajibu sauti ya pili, "kama mbavu zinamsumbua, kitanda kipo ndani."

Binti alitazama saa. Saa kumi alasiri gari lilitakiwa kuwa mbele ya wakaguzi, na kesho yake lipande mlima pamoja na magari mengine ya mashindano. Sasa ilikuwa saa sita, na matumbo yote ya gari yalikuwa nje.

Mzee alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye karakana ya mabasi, akastaafu akiwa fundi mkuu. Uani kwake palikuwa na sakafu ya zege, stendi nne za chuma za kuinulia gari, na ubao mkubwa ukutani ambako kila spana ilining'inia ndani ya umbo lake lililochorwa kwa rangi. Spana ikikosekana, umbo linakutazama kama jino lililong'oka. Mkwewe alikuwa mfamasia. Mzee alimpachika jina la Rubani: siku sita anahesabu vidonge, siku ya saba anapaa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa bomba. Gari lile lina injini yenye pande mbili, na moshi wa kushoto na wa kulia hukutana kwenye bomba moja la kati kabla ya kwenda nyuma. La zamani lilikuwa jembamba, linaikaba injini. Mzee aliahidi kutengeneza jipya. Siku kumi na tano alikata, akapinda, akachomelea, akalisugua hadi likang'aa. Siku aliyolipeleka, amelifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga, alikuta Rubani amekwisha kununua la dukani, limo ndani ya boksi na karatasi yake ya maelezo.

"Asante, baba," Rubani alisema siku hiyo, "lakini hili limepimwa kwa mashine."

Basi. Tangu hapo wakawa hawasemeshani. Binti ndiye aliyetoa hukumu: stendi ni za baba, gari ni la mume, kwa hiyo watafanya pamoja. Litajaribiwa la dukani kwanza. Lisipokaa, litafungwa la baba, na asinune mtu.

Kulitoa la zamani kuliwatoa jasho. Nati mbili zilikuwa zimeoza kwa kutu. Rubani alitaka kuzinyonga kwa nguvu.

"Mama, mwambie hiyo si chupa ya dawa ya kikohozi. Akiikata bolti humo ndani, kesho atapanda mlima kwa miguu."

"Mwambie nimeona kwenye video."

"Mwambie na mimi nimeona ndege zikiruka, lakini sijirushi kutoka paani."

Wakapaka mafuta ya kulegeza kutu, wakasubiri huku kila mmoja akitazama upande wake, na nati zikatoka. Bomba la zamani likashuka. Rubani akaliinua jipya, akalishikilia kwa kifua, akalielekeza kwenye mdomo wa kushoto wa injini. Likakaa. Akalielekeza kwenye mdomo wa kulia. Likakaa. Akalisukuma juu lipate usawa, likagonga sakafu ya gari, kong'! Akalitoa, akaligeuza, akarudia. Kong'! Mara ya tatu alisukuma kwa magoti.

"Limepinda," alisema.

"Mashine imepima vibaya?" mzee aliuliza hewa. "Ajabu."

Akawasha tochi ili aione aibu hiyo vizuri. Mwanga ukapita juu ya bomba, ukafika kwenye mkia wa giaboksi, na hapo ukasimama.

Bomba halikuwa limepinda hata kidogo. Kilichokuwa kimepinda alikijua, kwa sababu alikifunga yeye.

Miaka miwili nyuma, mpira unaobeba mkia wa giaboksi ulikatika. Wa gari hilo haukupatikana upesi, na Rubani alikuwa akimharakisha. Mzee akachukua mpira wa basi, akaukata, akauchonga, akaufunga. Ulikuwa mnene kuliko unaotakiwa kwa upana wa kidole. Giaboksi ikapanda nyuma, injini ikainama mbele, na kila kilichofungwa kwenye injini kikaelekea juu. Binti alipouliza, baba yake alimjibu, "Nimeweka wa kiwandani." Mpira halisi ulifika mwezi mmoja baadaye. Aliutazama, akauona mzigo wa kufungua tena, akauona na uso wa Rubani, akausukuma kabatini nyuma ya makopo ya vanishi.

Rubani alilalamika muda wote huo kwamba gari linatetemeka likishika kasi. "Ni mguu wako," mzee alimwambia kila mara, mbele ya wageni pia. "Huyu mkwe wangu hawezi kukanyaga mafuta bila kutetemeka."

Ndiyo maana bomba la mzee lingekaa. Alilipima kwenye gari lililokuwa tayari limepindishwa na mikono yake mwenyewe.

Angeweza kusema. Mdomo aliufungua kabisa. Lakini neno lake katika nyumba ile ndilo lililokuwa limebaki kwake baada ya karakana kumpa saa ya ukutani na kumpungia mkono. Binti yake hakuwahi kulitilia shaka. Akaufunga mdomo.

Rubani alijaribu mara ya nne, akajikata kidole, akalilaza bomba lake kifuani. Kisha, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, alimsemesha mzee moja kwa moja.

"Leta lako, baba."

Likaingia kama mguu kwenye kandambili yake. Mzee alikaza nati zote sita, mbele kwanza, nyuma baadaye, taratibu, akinyonya utamu wa kila mzunguko. "Mama," alisema, "niletee rangi."

Hiyo ilikuwa desturi ya karakana. Kila fundi alikuwa na rangi yake, na nati aliyomaliza kuikaza aliipiga mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea, mstari unakatika. Na ukikatika, rangi inakwambia umwulize nani. Ya mzee ilikuwa njano, na uani mwake hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Binti alifundishwa hilo kabla hajajua kusoma.

Akaja na kichupa, akajipenyeza chini ya gari kumshikia tochi. Mzee alipiga mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwanga ukasogea.

"Baba, na hizi?"

"Zipi?"

"Hizi mbili za giaboksi. Zina njano yako."

"Za zamani hizo. Leta mwanga huku."

Mwanga haukuja. "Mpira huu una namba za mabasi. Si ule ule tuliokuwa tunazuia nao mlango wa jikoni nilipokuwa mdogo? Niliukalia mpaka namba zikanichora mapajani." "Uliniambia umeweka wa kiwandani."

Chini ya gari hakuna mahali pa kugeuzia uso. Mzee alitazama juu, kwenye chuma.

"Mtetemo," alisema Rubani polepole. "Miaka miwili. Mguu wangu, eh? Mbele ya mjomba wangu! Mbele ya bosi wangu!"

"Nyamaza kwanza," binti alimwambia. Kisha akauliza kwa sauti ambayo mzee aliitambua, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe, ile aliyowatoa nayo jasho mafundi wadogo. "Nani alifunga?"

Mtu anaweza kuwadanganya watu. Lakini kuikana rangi yake hakuwahi, na hakujua angeanzia wapi.

"Mimi."

"Na wa kiwandani uko wapi?"

"Kabatini. Nyuma ya vanishi."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Rubani alicheka, na kicheko hicho hakikuwa cha kumchekea mtu vizuri.

Saa nane kasorobo mzee alianza kulifungua bomba lake, nati moja moja, njano ikiwa bado mbichi ikimpaka vidole. Mpira wa kiwandani ukikaa, lake lingening'inia chini mno na kukwangua barabara. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

"Nikupishe?" aliuliza Rubani.

"Mama, mwambie mumeo ashike jeki, na asinipumulie shingoni."

"Mwambie mwenyewe," alisema binti, akatoka chini ya gari.

Mzee akamsogezea Rubani mpini. "Shika jeki."

Rubani akaishika. Mpira wa basi ukatoka, wa kiwandani ukaingia, giaboksi ikashuka kwa upana wa kidole, na bomba la dukani likakaa bila kugonga kitu. Rubani alilikaza mwenyewe. Mzee alizifuata nati kwa macho, moja baada ya nyingine, akitafuta kosa kwa bidii, asilipate. Rubani akanyoosha mkono kwenye kichupa cha njano.

Mzee akakifunika. "Hiyo ina mwenyewe. Tafuta yako."

Binti aliingia ndani, akarudi na rangi ya kucha, nyekundu. Rubani akapiga mistari sita myekundu. Mzee akakwangua njano ya zamani kwenye nati mbili za giaboksi, akapiga mpya.

Gari liliwashwa saa tisa na dakika kumi. Lilinguruma kwa sauti moja nzito, na mzee aliyeweka kiganja juu ya boneti hakuhisi mtetemo wowote. Rubani alimwona akiutafuta.

"Mguu wangu umepona, baba?" alifoka kupitia dirishani, akaondoka bila kungoja jibu. Binti, kando yake, hakugeuka nyuma.

Mzee alirudisha spana zote kwenye maumbo yake. Bomba lake alilifunga kwenye blanketi. Ukabaki mpira wa basi, umelala katikati ya zege, mistari miwili ya njano iliyokatika bado iko kwenye bamba lake la chuma. Kisha akaubeba hadi jikoni, akausukumiza kwa mguu chini ya mlango, mahali pake pa zamani, na akaugeuza upande wenye rangi uelekee nje, atakapopita binti yake akija.