Tyubu ya Zahoro

Jumanne saa nne asubuhi Siwema alikuwa kwenye kigoda chake Gerezani, akifunga GPS kwenye usukani wa pikipiki ya tatu siku hiyo. Eda ilikuwa imeisha wiki mbili tu. Pikipiki ya nne ikasimama, kubwa, mpya, na juu yake Aristides, muuza marumaru wa Kariakoo, aliyemgonga mumewe Zahoro kwa gari kwenye kona ya Msimbazi akaondoka bila hata kushusha kioo. Faili la polisi lilifungwa. Likaandikwa kwamba marehemu alijigonga mwenyewe. Alijigonga! Mtu kasimamisha bodaboda yake kando, anasubiri abiria!

Aristides hakumjua.

"Mambo, dada? Nifungie hii. Foleni zimenichosha na gari."

"Poa, bosi."

Fundi yeyote wa Gerezani huweka kipande cha tyubu chini ya kibano ili GPS isitetemeke. Siwema alikuwa na ndoo nzima ya vipande. Hakuigusa. Alifungua mkoba, akatoa tyubu ya pikipiki ya Zahoro, akakata kipande cha upana wa vidole viwili, akakizungushia kwenye usukani na kukaza nati mpaka kiganja kikauma. Alitaka kitu kimoja tu: mwanamume yule asimame pale alipomwacha Zahoro, aseme kwa kinywa chake kwamba alimuua.

Aristides aliandika Feri, akale samaki. GPS ikamwongoza kwa sauti ya Zahoro, ile yenye mafua kidogo: "Nyoosha, bosi. Kata kulia. Hapa hapa." Akajikuta kona ya Msimbazi. Akaandika Mchikichini, akafika kona ya Msimbazi. Akaizima, sauti ikaendelea. Akaiacha pikipiki akatembea, miguu ikampeleka palepale. Magharibi ikiadhiniwa ndipo alipoachiwa arudi kwake, na kesho yake ikawa vilevile.

Wauza soksi wa pale walimzoea. "Bosi kashaletwa," walisema, wakamsogezea ndoo akae.

Kila adhuhuri Siwema alisimama ng'ambo ya barabara akimtazama. Subiri tu, alijisemea, utatapika.

Mwezi wa pili wa kuletwa hivyo, Aristides alikodi fremu ya duka pale pale konani, akahamishia marumaru zake. Biashara ikachangamka.

Siwema akavuka barabara, akaingia dukani.

"Bosi, hapa unapajua?"

"Sana. Ndipo nilipomgonga yule wa bodaboda. Nilimuua, ndiyo. Siku hizi ananileta kazini kila asubuhi, wala sichelewi." Akamvutia kiti. "Haya dada, unataka za chooni au za sebuleni?"

Siwema hakukaa. Akawageukia wateja. Walikuwa sita na wote walikuwa wamesikia. Mmoja akauliza kama kuna za rangi ya maziwa.

"Zipo," Aristides akamjibu. "Ila mkija kupakia msisimame pale kona. Magari yanagonga watu."