Kioo cha Nyumba ya Eda

Ukishuka Bagamoyo siku zile, miaka michache kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao, usingefika mbali kabla Himid bin Saleh hajakushika mkono akutembeze. Hakutaka kitu kwako. Alitaka useme mashaallah, basi. Angekuonyesha milango ya nakshi ya mtaa wa mawe, akueleze fundi nani kachonga upi na nani kadhulumiwa ujira wake. Angekupeleka kutazama jumba la liwali kwa nje, kisha bustani ya mapadri, ambako aliyataja maua kwa majina aliyoyabuni pale pale. Kama una miguu mizuri, mngekwenda hadi Kaole mkaone makaburi ya wazee wa kale yaliyopachikwa sahani za kaure. Watu wa mji walimcheka, lakini kwa mapenzi. Kila mji una mtu wa namna hiyo.

Safari hii mgeni alikuwa Husseni, muuza boriti kutoka Lamu, mtu mzima mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na maneno machache ya kukera. Alionyeshwa mlango wa nyumba ya Mhindi, ule wenye minyororo na mawaridi.

"Mzuri," alisema Husseni. "Kwetu twatia kama huu kwenye ghala."

Alipoonyeshwa bustani alisema maua hayaliwi. Kule Kaole alizunguka kaburi kubwa kuliko yote, mikono nyuma, akauliza kama hilo ndilo kubwa au kuna jingine. Himid alitembea jua zima la adhuhuri huku moyo ukimfukuta. Angetukanwa yeye angevumilia. Mji wake, la.

"Hujaona nyumba kwa ndani," alisema waliporudi mjini. "Una vidaka vya kupangia kaure huko kwenu?"

Husseni akacheka waziwazi. "Lamu? Waniuliza mimi habari ya vidaka?"

Hapo ndipo Himid alipopotea. Vidaka vizuri kuliko vyote Bagamoyo vilikuwa katika nyumba ya dada yake, Khairat, ukuta mzima wa vishubaka vya chokaa iliyochongwa kama kitambaa cha kufuma, na katikati yake kioo kikubwa chenye fremu ya dhahabu kilichotoka Ulaya kupitia Unguja. Na Khairat alikuwa katika eda. Mumewe alikuwa amefia bara, njia ya Tabora, na mjane alikaa ndani na nguo zake nyeupe, haonwi na mwanamume asiye maharimu yake, na vioo vyote vya nyumba vimefunikwa shuka. Himid aliyajua haya kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye kaka na ndiye walii wake, mwenye kumsimamia. Lakini saa ile Khairat hukaa juu, alijiambia. Wataingia, watatazama, watatoka.

Mlango ulifunguliwa na Mwanamvua, mjakazi wa makamo aliyewalea Himid na dada yake tangu wakitambaa.

"Bwana Himid, huyu nani? Bibi yumo eda."

"Mgeni wangu. Anatazama ukumbi tu, hapandi juu."

"Mwanangu, haifai."

"Nimesema anatazama ukumbi."

Alimpisha. Angefanyaje? Ndiye mwanamume wa nyumba.

Husseni alisimama mbele ya vidaka, na kwa mara ya kwanza siku ile akasogea karibu. Aligusa chokaa kwa ncha ya kidole. Akainama akatazama mshono wa kona, akainuka. Himid, pembeni karibu na nguzo, alifurahi kama mtoto aliyepewa halua. Laiti angeridhika na hapo. Lakini katikati ya ukuta ule palikuwa na shuka jeupe linaning'inia, na mgeni alilitazama mara moja, akaondoa macho.

"Na hiki hujakiona," Himid alisema, akalivuta kwa pindo akiwa pale pale nyuma ya nguzo.

Kioo kilielekea mlango wa uani. Mlangoni alikuwa amesimama Khairat, anatoka kuoga, kichwa wazi, nywele zimemwagika mabegani juu ya nguo ya eda. Mle kiooni aliona jambo moja tu: uso wa mwanamume asiyemjua unamtazama. Alipiga ukelele, akajifunika kwa mikono, na miguu yake ikasikika ikipanda ngazi za uani.

"Astaghfirullah," alisema Husseni. Tayari alikuwa ameinamisha macho chini. "Ni nani yule?"

"Mjakazi tu," Himid alijibu. Mdomo wake ulisema wenyewe.

Husseni alimgeukia. "Kwetu Lamu," alisema taratibu, "wajakazi hawakai eda namna ile." Akatoka mbio kwa mlango wa mbele bila kuaga, na kesho yake akasafiri.

Himid alirudisha shuka kwa haraka hata likakaa upande. Mwanamvua alikuwa amesimama nyuma yake.

"Usimwambie," Himid alimnong'oneza. "Nitamwambia mwenyewe."

"Leo?"

"Nitamwambia."

Akatoka kwa mlango wa uani. Na hakumwambia, si leo wala kesho, na Mwanamvua, aliyekatazwa kusema, akamngoja. Alikuja kila asubuhi kumjulia hali dada yake, akasikia kwa masikio yake anavyolia kwamba mwanamume kaingia nyumbani na hajui ni nani wala kaingiaje, na kila asubuhi Himid alisema, "Mola atamfedhehi." 

Jirani mmoja, Sihaba, mpika vitumbua wa ng'ambo ya pili ya njia, alikuwa amemwona mgeni akitoka mbio. Himid mwenyewe Sihaba hakumwona, maana alitoka kwa mlango wa uani. Sihaba hakuwa mtu mbaya, ila jambo lilimlemea mpaka alishushe kwa mtu, na likashuka kwa watu wengi. Haikupita juma likamfikia Hamoudi, ndugu wa marehemu, mwenye shamba Zinga na mwenye hasira za karibu.

Hamoudi alikuja akaketi ukumbini. Himid aliketi mkabala naye, kama walii. Khairat alikuwa nyuma ya pazia, na binti yake mdogo, Mina, kamshika nguo.

"Mwanamume katoka humu," Hamoudi alisema. "Ikiwa shemeji ndiye aliyemkaribisha, mtoto wa ndugu yangu halali nyumba hii. Namchukua sasa hivi."

"Wallahi simjui!" Khairat alilia nyuma ya pazia. "Shemeji, wallahi simjui, sikumwita!"

"Basi mlango haukujifungua wenyewe. Nani bawabu hapa?"

Mwanamvua akaitwa. Alisimama katikati ya ukumbi, mikono ameifumbata mbele.

"Nani kamfungulia yule mtu?"

Mwanamvua hakumtazama Hamoudi. Alimtazama Himid. Hakumtazama kwa kulaumu, ila kama anavyomtazama mtoto aliyeulizwa swali ambalo jibu lake analijua, anayengojewa ajibu tu.

Himid alikuwa na hoja. Akisema ni yeye, Hamoudi atasema walii mwenyewe ndiye anayewaingizia wanaume mjane, na neno lake halitakuwa na uzito tena, na Mina atakwenda. Hoja nzuri. Hata yeye alikaribia kuiamini. Lakini ukweli ni kwamba aliona haya, haya tu, ya kuitwa mpumbavu na dada yake mbele ya shemeji.

"Mimi, bwana," alisema Mwanamvua. "Nilimfungulia mimi. Bibi hakujua."

"Kwa nini?"

Akamtazama Himid tena.

"Nilighafilika," alisema.

Hamoudi akaridhika, maana alikuwa amepata wa kumwadhibu. Mtoto atabaki. Lakini mwanamke huyo hatalala tena nyumba ya marehemu. Ataondoka kesho kwenda kulima shambani Zinga. Khairat alilia. Kisha akasema sawa, maana alichagua kati ya yaya wake na mtoto wake, na nani asingechagua hivyo?

"Kaka," Khairat alisema, Hamoudi alipokwisha kutoka. "Mpeleke wewe, asisukumwe njiani. Na ukirudi, mlangoni ukae wewe. Sina mwingine ninayemwamini."

Waliondoka asubuhi. Mwanamvua alibeba kifurushi chake kichwani, akamkataza Himid asimpokee. Walipita Kaole. Himid, aliyekuwa hawezi kupita njia ile bila kumweleza mtu kitu, alitazama miguu yake. Mara mbili alikohoa, na mara mbili Mwanamvua alipunguza mwendo, akangoja, kisha akaendelea.

Msimamizi wa shamba aliwaonyesha kibanda cha makuti kilichoinama upande. Mwanamvua alitua kifurushi, akashika kiuno akajinyoosha. Pale machozi yakamtoka Himid.

"Mama," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu utoto. "Nitasema. Nikifika tu namwambia Khairat kila kitu. Wallahi leo hii."

"Usimwambie."

"Nitamwambia, mama, nitakwenda hata kwa Hamoudi."

"Usimwambie, nimesema." Sauti yake ilikuwa ile ile aliyowakataza nayo kucheza kisimani. "Nilikungoja pale ukumbini. Nikakungoja njia nzima. Wakati ule ilikuwa ikifaa kusema. Sasa mimi nimekwisha kuondoka, na yeye kabaki na wewe tu. Ukimwambia leo atakaa na nani? Nenda kamfungulie mlango."

Aliinama akaanza kufungua kifurushi. Himid akashika njia ya kurudi. Alikuwa amekwenda mbali, analia bado, alipotambua kwamba mwendo wake umekuwa mwepesi. Alikuwa amefurahi kukatazwa.