Kisanduku cha Jikoni

Baba alikuwa hajavuka kizingiti cha mlango tangu wamzike mama, na sasa ilikuwa imetimia miezi saba. Si kwamba aliugua. Alikula alichopewa, alioga bila kusukumwa, na waliopiga simu aliwaambia hajambo. Ila mlangoni hakufika. Daktari alishasema kwamba miguu isiyotembezwa husahau kazi yake, na mzee akiendelea hivyo mwaka hautaisha kabla hajawa mtu wa kitandani. Binti yake kitindamimba, aliyebaki naye kwenye ile nyumba ya ghorofa ya tatu, alimbembeleza, akamnunia, akamtishia, akachoka. Mzee alikuwa fundi wa lifti miaka thelathini na minne. Mtu aliyezoea kuning'inia kwenye shimo la giza na spana mkononi hatishwi na maneno ya binti.

Basi binti akarudi kwenye kile anachokijua. Kazi yake ni kutunga michezo ya hadithi, ile ya mtu mmoja, ambayo msomaji ndiye shujaa: unasoma kipande, unaulizwa utapita wapi, unabonyeza, na hadithi inakufuata ulikokwenda. Shangazi yake mpaka leo huwaambia watu kwamba anachapa barua. Programu anayoitumia humwonyesha hadithi nzima kama kitambaa kilichotandazwa. Kila kipande ni kisanduku, kila chaguo ni uzi unaotoka kisanduku kimoja kwenda kingine. Akiitazama kwa muda hujikuta hajui kama ameketi mbele yake au ndani yake. Nyuzi huanza kuyumba taratibu, visanduku vinapumua, na mara nyingine husikia mlango ukifunguliwa kwenye kisanduku ambacho bado hajakiandika.

Alimtungia baba Mji wa Milango. Kila mtaa wa mji huo unaishia mlangoni, na nyuma ya kila mlango kuna mtaa mwingine wenye hali ya hewa yake. Kuna mtaa ambao mvua hunyesha kutoka chini kwenda juu, na wenyeji hutembea wamefunga miavuli miguuni. Kuna soko la mwangwi, unanunua sauti yako ya jana. Kuna lifti inayokwenda kando badala ya juu, inapita sebuleni kwa watu na kuwasalimia. Hiyo aliiweka makusudi, kama chambo. Jumla visanduku mia moja na sitini, kazi ya miezi minne. Alijipa matumaini kwamba mzee akishatembea kwa kidole, mguu utaona wivu.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa jiko. Mchezaji anaamka, anamkuta mama mmoja ameketi kando ya cherehani karibu na dirisha, jua limemlalia begani, anatunga uzi kwenye sindano. Mama anasema, "Umeamka? Kaa kidogo." Chini yake kuna machaguo mawili: Kaa na mama, au Toka nje.

Hapo ndipo alipokosea, tena kosa ambalo mtunzi wa michezo hii hufundishwa siku ya kwanza kuliepuka. Ukibonyeza Kaa na mama, uzi unarudi kwenye kisanduku kilekile. Hakuweka hesabu ya mara ngapi, hakuweka neno jipya la mara ya pili. Programu ilimwonya kwa alama nyekundu kwamba kitanzi hicho hakina mwisho. Aliizima alama, akajiambia atarekebisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye mwenyewe ndiye huwaambia hivyo wanaoanza kazi.

Baba alipokea mchezo kwenye tableti, akavaa miwani, akakaa nao. Akakaa nao kesho yake, na keshokutwa, kila asubuhi baada ya chai, saa nzima. Binti alifurahi mpaka akaogopa kuuliza, asije akamkatisha hamu. Alikuwa akipita sebuleni akimwona anatabasamu peke yake, akajisemea kimoyomoyo, ameingia kwenye lifti huyo.

Wiki ya tatu akafungua takwimu za programu, zinazoonyesha kila kisanduku kimefunguliwa mara ngapi. Jikoni: mia tatu na kumi na mbili. Nje ya mlango: sifuri. Mitaa yote, soko, mvua na lifti yake vilikaa safi kama vitanda vya wageni ambao hawakuja. Alikuwa amemjengea baba yake mtego kwa mikono yake, na akautia sura ya mama. Alikasirika pia, tuseme kweli, maana ile lifti ilimpendeza sana.

Akamwendea sebuleni, akamkuta anabonyeza. Akamwomba radhi, akamweleza kwamba jiko limefunguliwa mara mia tatu na zaidi, kwamba ni hitilafu, uzi umejirudia, ataukata leo hii. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Najua ni hitilafu," alisema. "Lifti ikikurudisha ghorofa ileile, fundi hashuki akaondoka. Unaibonyeza mpaka ujue inakwama wapi."

"Na umejua?"

"Mama yako hakuwahi kuniambia nikae mara mbili. Mara ya pili alikuwa ananifukuza."

Binti alicheka bila kutaka, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Mzee akasema amesubiri yale maneno ya pili wiki tatu nzima. Kila asubuhi hudhani labda leo yatakuja. Akamwomba ayaandike.

Wakaketi pamoja mbele ya kile kitambaa cha nyuzi. Binti akafungua kisanduku kipya kando ya jiko, akaandika: Nenda salama. Baba akauliza huyo ni mama wa nani. Akafuta, akaandika kwamba mwanamke aliinua macho akatabasamu. Baba akaguna tu. Jua la dirishani lilikuwa limewafikia mikononi, na kwa muda binti hakuwa na hakika ni dirisha la upande gani. Ndipo mzee akainama karibu na kioo, akasema polepole, kama anayesomewa na mtu sikioni:

"Andika hivi. Bado uko hapa? Toka, unanizibia mwanga."

Akaandika. Wote wawili walimsikia mama.

"Sasa kata ule uzi wa kurudi," alisema baba.

Binti akaugusa uzi. Programu ikamuuliza kama ana hakika. Kidole kikabaki hewani, na maneno ambayo hakuwa amejiambia hata mwenyewe yakamtoka.

"Baba, zile mara mia tatu si zako peke yako. Kila siku kabla ya kazi nami nafungua pale jikoni. Ile alama nyekundu niliizima kwa sababu hiyo."

Mzee hakumtazama. Alikaa kidogo, akaegemea meza, akainuka. Akaenda mlangoni, na binti akamsikia akipambana na viatu ambavyo miguu ilikuwa imevikataa.

"Uache basi," alisema kutoka kule. "Utaukata ukiwa tayari."

Kitasa kikageuka. Hatua zikashuka kwenye ngazi ambazo binti hakuziandika yeye: moja, mbili, tatu. Kisha kimya. Binti akadhani mzee ameanguka, akatoka mbio pekupeku, akauacha mlango wazi.

Baba alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, analia kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia siku ya mazishi. Alimsikia anakuja. Hakugeuka, ila alisogea ukutani akamwachia nafasi, naye akakaa.