Ngome ya Kinyozi

Kinyozi alimwahidi mama yake ngome, tena akiwa na akili zake timamu. Nyumba yenye minara, kuta nene na meno juu ya kuta kama za wafalme, mahali ambapo hakuna mwenye nyumba atakayekuja kugonga mlango na kuwaambia wahame. Wateja wake walianza kumwita Sultani, naye akaitika bila aibu. Mfuko wake tu ndio uliokataa kumtambua. Minara minne ikawa miwili, miwili ikawa mmoja, na ili kukwepa gharama za mchoraji, ramani akaichora mkewe, fundi cherehani, kwa chaki ileile ya kukatia nguo.

Asubuhi ya kuchimba msingi, mwashi alikuwa akimwaga chokaa kiwanjani kufuata ramani hiyo. Akasimama. Akapima, akapima tena, kisha akamwita fundi cherehani pembeni.

"Shemeji, kuta umezichora kwa mstari mmoja. Unene wake uko wapi?"

Mwanamke yule akaikagua ramani yake upya. Maisha yake yote amekata magauni na suruali, na kitambaa hakina unene wa kuhesabu. Vyumba alivipanga bega kwa bega mpaka mpakani, kila kimoja na nafasi yake, halafu kuta, kuta zenyewe za ngome, akazisahau kabisa. Mwashi alipoziweka, nyumba ilifura kama unga uliotiwa hamira, ikaingia kwa jirani. Chumba kimoja lazima kitoke.

"Toa cha mwisho," kinyozi akasema, macho chini. Cha mwisho kilikuwa cha mama yake.

"Toa mnara," mkewe akasema.

"Mnara hautoki. Nikiutoa hii inabaki nyumba tu, kama za watu wote."

"Na mama je, baba watoto? Ameshaaga kule alikopanga. Wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia aage."

"Atalala na watoto kwanza, mpaka mambo yakae sawa."

Mkewe aliyajua hayo mambo, na alijua hayakai sawa kamwe. Hasira zilimpanda, na nusu ya hasira hizo ilikuwa juu yake mwenyewe, maana ramani ni mkono wake. Vibarua walikaa juu ya mipini ya majembe wakijifanya hawasikii. Alikuwa anafungua kinywa amjibu, ndipo mama mkwe akatokea barabarani na mkongojo wake, amevaa nguo ya kutokea.

"Shikamoo, mama," wakasema wote wawili kwa sauti moja, kama watoto waliofumwa.

"Marahaba. Mlango uko wapi? Siruki ukuta mimi, si mwizi."

Mwashi akamwonyesha pengo kwenye chokaa, naye akaingia kwa heshima zote. Akapita sebuleni, akachungulia jikoni, akasema chumba cha watoto kitakuwa na kelele. Fundi cherehani alimfuata nyuma hatua kwa hatua. Swali lilikuwa njiani, na likafika.

"Na mimi mmeniweka wapi?"

"Mama, kosa ni..." fundi cherehani akaanza.

"Hapa," kinyozi akamkatiza, akinyoosha kidole kwenye duara la mnara.

Mkewe akageuka kumtazama. Duara lile lilikuwa la ngazi peke yake, na wote pale walijua, isipokuwa mama.

"Duara," mama akasema, akilizunguka polepole. "Sijawahi kulala kwenye duara. Ngoja nione." Kabla mtu hajamzuia, alikwisha kutandika mtandio wake chini, akajilaza chali na kichwa akakiegemeza upande mmoja wa mstari. Alikunja magoti. Lakini magoti yake yalikuwa mabovu, hayavumilii kukunjwa, na kidogo kidogo miguu ikanyooka yenyewe, ikavuka chokaa, nyayo zikatokeza nje ya nyumba.

Mama akainua kichwa, akaitazama miguu yake, akamtazama mwanawe.

"Si kitu, baba," akasema kwa upole. "Nimeshalala pabaya zaidi ya hapa. Nitakuwa nakunja."

Kinyozi alizitazama nyayo zile, zimepasuka visigino, na kumbukumbu zikamjia zote kwa pamoja: mama na magodoro kichwani, kutoka kwa mwenye nyumba huyu kwenda kwa yule, yeye mtoto akikimbia nyuma kuzifuata nyayo hizo. Uso ukamvunjika. Akapiga magoti na kuanza kufuta duara kwa viganja vyake, mavumbi na chokaa vikimpanda mpaka viwikoni. Mkewe akapiga magoti upande wa pili, akafuta naye.

Mama akajiinua kwa kiwiko, ameduwaa.

"Usiamke, mama," mwanawe akasema, na sauti ilikuwa haimtii. "Nyoosha miguu. Mwashi, lete kamba, umpimie chumba kuanzia hapo alipolala."