Shamba Lililofika Kifudifudi

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumanne moja ya Novemba, Edson alishuka chini ya daraja la Nyamhela, akakunja suruali hadi magotini, akasoma ubao wa kupimia kina cha maji, kisha akazamisha chupa ya lita moja katikati ya mkondo. Jioni saa kumi na mbili angerudia vilevile. Chupa ziliandikwa tarehe, zikapangwa kwenye kreti ya soda, na kila Ijumaa zilipanda basi la Shinyanga, ambako ofisi ya bonde la mto ilichuja maji na kupima udongo uliobaki. Fomu yake ilikuwa na safu tano. Ya mwisho iliitwa Maoni, na kwa miaka tisa Edson alikuwa akiandika humo neno moja tu: Kawaida.

Ofisi haikumwajiri aziangalie chupa, lakini aliziangalia. Mkewe, Ritha, alizoea kuwaambia majirani kuwa ameolewa na mtu anayeweza kukaa kutwa nzima akitazama maji yakitulia. Ilikuwa kweli. Edson alijua kuwa mchanga hutua kabla hujameza mate, kwamba tifutifu hutua wakati chai inachemka, na kwamba mfinyanzi huweza kuelea hadi kesho yake na usione haya.

Chupa ya Jumanne hiyo ilipotulia, udongo ulikuwa umelala kwa matuta. Yalikuwa matuta madogo, yamenyooka, na pembeni yake mstari wa mikonge isiyozidi kimo cha punje ya mtama. Chupa ya jioni iliendelea pale ya asubuhi ilipoishia. Hadi Ijumaa alikuwa amezipanga saba ubavu kwa ubavu, akaona karibu ekari moja ya shamba la mtu, likiwa na njia ya mguu inayolikata katikati. Kwenye Maoni akaandika: Shamba. Ofisi haikuuliza.

Jumapili mwenye shamba akafika. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, akisukuma baiskeli iliyofungwa godoro, jembe na sufuria mbili.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Luseni yenye vijiwe vyeupe imeshapita hapa? Ule mchanga wa vilimani."

Edson akafikiri. "Udongo mweusi umepita Jumanne. Mchanga bado."

"Basi nimewahi," alisema, akaegemeza baiskeli kwenye nguzo ya daraja.

Aliitwa Asteria, mama Ndaki, wa Mwabasabi, kijiji cha juu ya mto kwenye ukanda wa dhahabu. Masika manne yaliyopita, wenye leseni ya kilima cha Mwabasabi walikinyoa kilima hicho mpaka kikabaki kipara, wakachimba mfereji wa kuondoa maji ya mvua, na mdomo wa mfereji wakauelekeza kwake. Ekari mbili na robo ziliondoka katika Aprili moja. Alipokwenda kulalamika alipewa barua yenye mhuri, isemayo kwamba shamba husika halikuchukuliwa na mtu yeyote, bali liliondoka lenyewe. Asteria aliisoma mara mbili, akaona kuwa kama limeondoka lenyewe basi bado ni lake, akafunga godoro.

Edson alimuuliza maswali mpaka Ritha akaleta uji. Linatembea kilomita ngapi kwa mwaka? Mwaka wa kwanza kumi na moja, alijibu Asteria, wa pili tatu tu, maana mvua ilikuwa haba. Na kiangazi? Kiangazi shamba hulala chini ya maji, naye hupanga chumba jirani, akalima vibarua. Linakwenda lote kwa pamoja?

"Thubutu! Mfinyanzi haumsubiri mtu, ukipata maji umekwenda. Mchanga unarukaruka kwenye sakafu ya mto, leo hapa, kesho pale. Mawe ndiyo watu wazima, hayanyanyuki mpaka mafuriko yaje yenyewe kuyaomba." Akanywa uji. "Mimi nasubiri mawe kumi na moja. Kaburi la mume wangu lilikuwa shambani. Yeye yuko nyuma kidogo."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Ila nataka alale mahali pamoja."

Mbele kidogo ya daraja mto ulipiga kona. Upande wa ndani wa kona maji yalikwenda kwa uvivu na kutua yalichobeba. Upande wa nje yalikwenda kasi na kuuma ukingo. Asteria alitembea upande wa ndani, akakanyaga, akasema panafaa. Upande wa nje ulikuwa wa Edson, ekari tatu kasorobo za pamba alizoachiwa na baba yake.

Mchanga ulifika Desemba. Nyasi zilizokuwa zimeota majini zikaushika, mchanga mwingine ukatua juu yake, na fungu likainuka juu ya maji, kwanza refu na jembamba, kisha likanenepa. Matuta yakatokea. Mikonge ikatokea, mizizi juu. Asteria akachimba kwa jembe lake na kukuta udongo wake mweusi wa juu uko chini kabisa, kwa kuwa ndio uliotangulia kuondoka na ndio uliotangulia kufika. Changarawe iliyokuwa chini ya shamba sasa ilikuwa juu.

"Limelala kifudifudi," alisema. "Safari ndefu, limechoka." Akaanza kuligeuza, tuta baada ya tuta.

Edson alipigilia vigingi pande zote mbili, akawa anapima kwa kamba kila Jumamosi. Kadiri fungu lilivyonenepa ndivyo lilivyousukuma mkondo kwenye ukingo wake. Kila tuta lililotua kwa Asteria, la kwake moja lilikatika. Alikagua kamba akidhani imelegea. Haikuwa imelegea.

"Watu husema mgeni siku ya tatu mpe jembe," Ritha alisema. "Huyu kaja na jembe lake, kaja na shamba lake, na bado tunaomlisha ni sisi."

"Si yeye, mama Aneth. Ni kona."

"Basi kaiambie kona."

Januari, Benjamini wa ofisi ya bonde alikuja kwa pikipiki kukagua ubao. Alilitazama fungu, akatazama ukingo ulivyoliwa, akapiga picha mbili. Akamwambia Edson kuwa dawa ni rahisi. Kama angeandika kwenye Maoni kwamba fungu la mchanga linazuia maji, mtambo wa kuchimbia ungefika Jumatatu na malori yake, mchanga ungekwenda mjini kujengea, na ukingo ungepona.

"Neno lako tu, bwana Edson. Sisi tunafuata fomu."

"Na kule kilimani mchanga unakotoka? Nikiandika habari za mfereji?"

Benjamini alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. "Fomu haina safu ya kilima," alisema.

Siku kumi Edson alikaa na kalamu. Aliipenda ardhi yake. Aliogopa kuamka bila kitu cha kulima, na hakuona aibu kuogopa. Asteria alikuwa amemwona Benjamini akipiga picha, na hakuhitaji kuelezwa. Siku ya kumi Edson alivuka akamkuta anageuza tuta la mwisho.

"Hutaniomba, mama Ndaki?"

"Nikuombe uongo?" Asteria akajinyoosha mgongo. "We andika unachokiona."

Alichokiona kilikuwa mwanamke aliyetembea masika manne nyuma ya shamba lake, na shamba lenyewe limefika. Akaandika hivyo: Shamba la Asteria, mama Ndaki, limefika. Bado mawe kumi na moja. Ofisi ilimletea fomu mpya, zenye safu tano.

Mafuriko yalikuja Machi, saa nne asubuhi, ubao wote ukazama. Maji yalikuwa mekundu. Chini ya daraja kulisikika mlio mzito, kama watu wanaohamisha makabati. Edson alilala kifudifudi juu ya daraja, sikio kwenye zege, akahesabu. Mawe yalikuja moja moja, yakabingirika hadi kwenye kona, yakapanda fungu na kusimama. Kila moja liliposimama, ng'ambo kipande cha pamba kilishuka majini na maua yake. Alipofika kumi alinyanyua kichwa. Upande wake palibaki tuta moja na Ritha amesimama nyuma yake, mikono kichwani.

Jiwe la kumi na moja lilikuwa la kichwani, kubwa kuliko yote. Lilichukua nusu saa.

"Limekwenda," alisema Ritha, mume wake alipomfikia. Walilia wote wawili, wazi, mchana, na wapita njia wakawapa pole.

Maji yalipopungua Edson alivuka kumsaidia Asteria kupanga mawe. Walibishana kidogo kichwa kielekee wapi, kwa vile shamba lilikuwa limegeuzwa mara mbili. Kisha Asteria akaketi chini na kuliegemea lile kubwa, akapumzika kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Lako lina mfinyanzi mwingi," alimwambia. "Usiufuate huo, utakutoa roho. Fuata mchanga."

Asubuhi ya Jumatano Edson alijaza chupa yake ya mwisho na kumkabidhi Asteria kalamu, kwa kuwa mtu wa kusoma ubao lazima awepo. Wakasubiri itulie. Udongo haukuwa wa pamba wala wa luseni. Ulikuwa wa manjano, umekanyagwa ukawa mgumu, na mwisho wake limesimama goli moja la miti.

"Uwanja wa shule ya Mwabasabi," alisema Asteria. "Ndaki wangu alisoma pale." Akachukua fomu na kuandika: Shule.

Edson alitamani abaki aone goli la pili likifika. Lakini Ritha alikuwa tayari ng'ambo, godoro kichwani, akimpungia.

"Baba Aneth! Udongo wetu mweusi umetutangulia siku tatu!"

Akavuka. Wakashika njia ya ukingoni, polepole, kwa mwendo wa mchanga.