Transfoma Aliyoisuka Baba

Mdogo wangu alizisugua kwa thina transfoma zote za baba, akazipaka rangi nyeusi, na waya zake akazikata fupi zilingane. Eti karakana ipendeze. Tangu baba apooze upande wa kulia na ulimi kufungwa, huyu bwana amejipa ukubwa. Namwita Meneja, na wala hajui kwamba namsuta.

Nilitamani kumtia makofi. Katika rundo lile kulikuwa na transfoma ya spika ambayo baba aliisuka waya mwenyewe kwa mkono kwa ajili ya amplifaya yake ya valvu, zile taa za kioo za kizamani za kukuza sauti, na akaanguka kwa kiharusi kabla hajaifunga. Aliitia alama ya rangi ya kucha ya marehemu mama. Kila asubuhi huinyooshea kidole amplifaya ile, kisha hunitazama mimi, maana ndiye aliyenifundisha ufundi. Sasa alama haipo, na zote ni nyeusi tii.

Nikaketi kuzipima. Kila moja niliupa upande wa spika, wenye waya nene, volti mbili tu, nikasoma upande wa pili unatoa ngapi. Kwa valvu ya baba, zilitakiwa zitoke hamsini. Hii ikatoa ishirini na nne, si yake. Hii themanini, si yake. Hii kimya, imekatika ndani. Nikawa natukana kwa sauti, na baba chumba cha pili ananisikia.

Ikabaki moja nzito, chini kabisa. Mita ikapanda, ikatulia kwenye hamsini. Nilipiga kelele kama mwehu, nikakimbilia chumbani.

"Baba, nimeipata! Leo naifunga."

Machozi yakamlengalenga. Akanibana vidole kwa mkono wa kushoto, hataki kuniachia.

Niliporudi, Meneja alikuwa ameinama mezani.

"Dada, volti mbili utapima nini? Ngoja nikuharakishie."

Zile waya nene alikuwa amezichomeka kwenye soketi ya ukutani. Sijafungua mdomo, akabonyeza swichi.

Transfoma ikanguruma, ikatoa cheche, umeme wa nyumba nzima ukakatika. Moshi ukatujaa puani.

"Umeichoma!"

"Nilitaka kusaidia."

"Nani alikuomba? Umefuta alama, umekata waya, hukutosheka?"

"Punguza jazba, dada. Kwani kitu gani? Baba atasuka nyingine."

Harufu ya waya iliyoungua baba anaijua kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameshajikokota hadi mlangoni, ameegemea ukuta, anaitazama meza. Hasira zikanipanda. Nikauinua ule mkono wake wa kulia, mzito, umelegea, nikamwekea Meneja kiganjani.

"Haya," nikamwambia. "Mwambie asuke."